Sange na Hodi ya Tatu

Paukwa!

— Pakawa!

Hamkuitika, mmenong'ona. Walioitika ni watatu, na mmoja wao alikuwa akipiga miayo. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Ngano yangu ina njia.

— Tuifuate!

Njia yake ina miiba.

— Tutakanyaga polepole!

Basi kanyageni, na atakayechomwa asinilaumu mimi.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wakati binadamu na wanyama wakisikilizana lugha na kugombana kwa lugha hiyo hiyo, palikuwa na msitu mmoja mkavu ulioitwa Msitu wa Mirihi. Mrihi ni mti unaokijua kiangazi. Jua likikaza, mti huo hupukutisha majani yake yote ukabaki matawi matupu. Chini yake majani makavu hutanda kila mahali, na ukipita, hata ukiwa na uzito wa mende, utasikika.

Katika msitu huo aliishi Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo, amempita panya lakini kwa sungura hafiki, miguu myembamba, na nyuma ana makalio ya manjano kama aliyekalia bizari. Msicheke. Mbele ya makalio hayo palikuwa na mnyama mwenye heshima zake.

Sange alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, alizijua njia zote za msitu, kwa sababu kila asubuhi alizifagia. Ya pili ni adabu. Sange hakuingia kwa mtu bila hodi. Alibisha mara ya kwanza, akangoja. Alibisha mara ya pili, akangoja. Alibisha mara ya tatu, na asipojibiwa, aligeuka akaenda zake. Hakuchungulia, hakusukuma mlango, hakuita dirishani. Ndivyo alivyofunzwa: hodi ni tatu, ya nne ni ukorofi.

Na kweli, ndiyo adabu yetu. Sisemi kwamba alikosea kufunzwa.

Sange alikuwa na somo yake, rafiki wa chanda na pete, Bi Chura wa Dimbwini. Dimbwi hilo lilikuwa katikati ya msitu, na chini yake palikuwa na udongo wa mfinyanzi, mzito, unaoshika maji. Wakati wa masika lilijaa, na Bi Chura na watu wake waliimba humo mpaka kijijini wakasikika. Kiangazi kikija, maji yakikauka, Bi Chura alikuwa akimwendea Sange kumuaga.

"Somo, nashuka," alikuwa akimwambia. "Tuombe uzima, tutaonana mvua ikinyesha."

Kisha alijichimbia chini ya udongo na watu wake wote, wakalala huko miezi na miezi.

Mwaka mmoja hakuaga. Na Sange alijua kwa nini, ila hakutaka kulisema hata moyoni mwake.

Mwisho wa masika Sange alimwoza binti yake. Wageni walikuja, kanga walikuja, paa walikuja, hata kobe alikuja, alitoka kwake juzi yake ili awahi. Bi Chura, kwa mapenzi, alisimama akamwimbia bibi harusi. Aliimba kwa sauti ile Mungu aliyompa. Kima wakaanza kucheka. Sange akaona haya, na aibu ya mbele za watu ni mbaya, ikamtoka kauli:

"Aka, somo! Punguza hiyo sauti. Unawaumiza wageni masikio."

Bi Chura akanyamaza. Akakaa kidogo, akasema chakula kilikuwa kizuri, akaenda zake. Toka siku hiyo hawakuonana. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Sange alisema, "Kama ananipenda atakuja." Siku zikapita, dimbwi likakauka.

Mpo?

— Tupo!

Basi kiangazi kile kikawa kirefu kuliko vingine. Siku moja akaja ukingoni mwa msitu Mzee Ngonyo, mkuu wa kijiji cha jirani. Hakuja na mkuki, alikuja na jembe begani na vumbi miguuni. Akawaita wanyama wote, wakakusanyika.

"Jamani majirani," alisema, "sina ugomvi nanyi. Lakini nyumba zetu zimeliwa na mchwa, zinaanguka moja moja. Tunataka fito za kujengea na udongo wa kukandikia. Msitu huu ni mkubwa. Lazima pana mahali pasipokaa mtu."

Wanyama wakaguna. Wengine wakasema binadamu ukimpa mkono huchukua na bega. Mzee Ngonyo akawatuliza.

"Mimi nasema mbele yenu, na kauli yangu ni moja. Penye mwenyewe, jembe langu halitagusa. Pasipo mwenyewe, ni pangu. Nawapa siku tatu. Mchague mtu mmoja apite nyumba kwa nyumba, ajue nani anakaa wapi kisha aje aniambie. Ila msihesabiane kwa kidole. Kuhesabu walio hai kwa kidole ni kuita msiba. Kila mwenye nyumba atoe alama yake, itiwe kikapuni. Nitakayemwona kikapuni, nitamheshimu."

Akaenda zake. Wanyama wakabaki wanashauriana.

Kima akasema, "Nichagueni mimi, napanda na kushuka." Wakamwambia, "Wewe utawatia kikapuni watu wako mara mbili, na wetu utawasahau."

Fisi akasema, "Basi mimi." Wakamwambia, "Wewe huku unahesabu, huku unapunguza."

Fuko akasema, "Basi mimi. Naweza kuingia kila mahali, hata chini." Wakacheka. Fuko! Amejaa udongo mpaka puani, anatokea katikati ya nyumba za watu bila hodi, unajikuta unakula naye! Wakasema, "Huyu hana adabu. Atawatia watu haya."

Macho yote yakamgeukia Sange. Anajua njia zote. Ana adabu. Wakamvika kikapu.

Moyo wa Sange ulijaa. Nani hapendi kuchaguliwa? Alirudi nyumbani akafuma vizuri ukingo wa kikapu, akajisafisha, akatunga wimbo wa kubishia.

Siku ya kwanza akaenda kwenye mirihi mirefu. Akasimama chini ya kila mti, akaimba:

*Hodi hodi, wenye mji,*
*Sange nimewabishia,*
*Aliyemo na ajibu,*
*Alama kunipatia.*

"Karibu!" wakajibu kindi, wakamrushia manyoya ya mkia. "Karibu!" wakajibu ndege, huyu unyoya mwekundu, huyu wa kijani, huyu mweupe wenye madoa. Alifika kwenye mti wa Komba. Akabisha mara ya kwanza, kimya. Akabisha mara ya pili, kimya. Komba, mnajua, mchana ndio usiku wake. Akabisha mara ya tatu, na huko juu kwenye tundu akasikia mtu anajikokota.

"Kaaribu," akasema Komba na usingizi wake. "Lakini watu wengine mna nongwa."

Akadondosha unywele mmoja, akarudi kulala. Sange akautia kikapuni. Akasema moyoni, "Hodi ya tatu haina kosa. Aliyemo hujibu."

Siku ya pili akaenda kwenye vichaka vya miiba.

*Hodi hodi, wenye mji,*
*Sange nimewabishia,*
*Aliyemo na ajibu,*
*Alama kunipatia.*

"Karibu!" wakajibu paa, wakampa kila mmoja kipande cha ukucha. "Karibu!" wakajibu kanga wote kwa pamoja, kwa kelele, hata akashindwa kujua nani amempa unyoya na nani bado. Kobe alikwangua kidogo gamba lake, kazi iliyochukua muda wote wa adhuhuri. Kwa Nungunungu akabisha mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, mwiba mmoja ukatokea mlangoni, ukafuatwa na sauti.

"Karibu. Chukua uende. Sijavaa."

Sange akachukua. Akasema tena, "Hodi ya tatu haina kosa. Aliyemo hujibu." Na sasa alianza kujisikia. Wanyama waliomwona njiani walimpisha, wakamwita Bi Mkubwa wa Kikapu. Akaitika.

Siku ya tatu ilibaki sehemu moja tu: Dimbwini.

Sange alikwenda kule taratibu. Alisimama ukingoni. Maji hayakuwapo. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka mapande mapande, mweupe kwa ukavu. Hapakuwa na unyayo wala unyoya. Aliona haya kama mtu aliyefika kwa rafiki waliyegombana naye na hajui aanze na lipi. Alikuwa ameandaa maneno. Njiani alikuwa ameyarudia: "Somo, siku ile nilikosa, niwie radhi." Lakini hayo angeyasema akishakaribishwa. Hata radhi haiombwi kabla ya karibu.

Akaimba:

*Hodi hodi, wenye mji,*
*Sange nimewabishia…*

Kimya.

Akangoja. Akaimba mara ya pili. Kimya. Jua lilikuwa kali, kikapu kizito, na haya ile ikaanza kugeuka hasira. "Amenuna," akasema moyoni. "Mimi nimekuja kwake na miguu yangu, na yeye ananinunia. Kwani nilimwambia nini kikubwa?"

Akaimba mara ya tatu, kwa sauti ya juu, kila neno peke yake.

Kimya. Kisha, wakati kimya hicho kinakaribia kuisha, Sange akasikia kitu. Kidogo sana, chini sana. Kama mtu anayemeza mate chini ya ardhi.

Nataka mjue kwamba alisikia. Watu wengine wakisimulia ngano hii humtetea, husema hakusikia. Alisikia. Alisimama pale na mguu mmoja juu, na moyo ukamwambia, "Ngoja." Lakini hasira ikamwambia, "Udongo ukikauka hulia." Na adabu ikamwambia, "Hodi ni tatu." Akawasikiliza wawili, akamwacha mmoja.

Akageuka. Njiani Fuko akachomoza kichwa mbele ya miguu yake, bila hodi kama kawaida yake.

"Bi Sange, vipi Dimbwini? Umepata alama?"

"Hawakujibu."

"Watajibuje? Wamelala chini, na udongo umewabana. Nipe muda kidogo niteremke. Nitakuletea hata kipande cha ngozi."

Sange akamtazama Fuko, na udongo wake puani.

"Uingie kwa mwanamke mwenye nyumba yake, hajakukaribisha, umvue ngozi? Hivyo ndivyo mlivyolelewa kwenu?"

"Mimi nasema tu. Kesho watu wanakuja na majembe."

"Asiyejibu hodi ya tatu, ama hayupo, ama hataki mgeni," akasema Sange. "Na mwaka huu hata hakuniaga. Huenda amehama."

"Chura ahame kiangazi, aende wapi?" akauliza Fuko.

Sange akakiinua kikapu chake. Alimruka akaenda zake.

Asubuhi Mzee Ngonyo alikuja na watu wake. Sange akaweka kikapu mbele yake. Mzee akachambua alama moja moja kwa heshima, huku Sange akieleza: hii ya Kindi, mrihi wa tatu. Huu wa Komba, tundu la juu. Mwiba huu wa Nungunungu, kichaka cha magharibi. Kila alama iliyotoka Mzee aliwaambia watu wake, "Hapo pana mwenyewe. Tusipaguse." Nao waliitikia, "Hatupagusi."

Kikapu kikaisha.

"Na Dimbwini?" akauliza Mzee Ngonyo. "Sioni alama ya Dimbwini. Hapana mtu?"

"Hapana mtu," akasema Sange.

Mzee akakuna ndevu. "Mbona masika tunasikia kelele huko? Hebu nikuulize tena. Dimbwini hapana mtu?"

Sange alitazama chini. Wanyama wote wa msitu walikuwa wamesimama nyuma yake, wanajivunia kazi yake. Aseme nini sasa? Aseme alisikia kitu akaondoka? Aseme ana kinyongo cha harusi? Neno likishatoka mara ya kwanza, la pili hulifuata.

"Nimebisha mara tatu, Mzee. Hapana mtu."

Mzee Ngonyo akamwinamia, maana hakuwa mtu mbaya. "Mwanangu, jembe likishaingia halirudi. Nakuuliza mara ya tatu na ya mwisho. Hapana mtu?"

Sange alikitazama kikapu kitupu. Angeweza kusema, "Nipe siku moja." Angepewa. Siku moja tu, na Fuko alikuwa pale pale anamtazama.

"Hapana," akasema.

Mzee Ngonyo akaweka jembe begani.

Walichimba siku tatu. Udongo wa Dimbwini ulitoka mabonge makubwa makubwa, mazuri, hayavunjiki. Kijijini maji yalikuwa haba, hata ya kunywa yalipimwa kwa kata, kwa hiyo hawakuukanyaga udongo ule kama desturi. Walisimamisha fito, wakazifunga kwa kamba, wakayapanga mabonge katikati yakiwa makavu vile vile, juu wakapaka udongo mwembamba uliochanganywa na majivu. Nyumba kumi na mbili zikasimama. Watu wakafurahi. Mzee Ngonyo aliipata ya kwanza, akamshukuru Mungu na akamshukuru Sange.

Sange hakwenda kutazama. Fuko alimfuata nyumbani. Safari hii alijitahidi, masikini, akabisha hodi.

"Bi Sange, mabonge yale yana uzito usio wa udongo."

"Udongo wa Dimbwini siku zote ni mzito," akasema Sange.

"Haya," akasema Fuko, akazama. Wala hakumrudia tena na habari hiyo.

Tangu hapo Sange hakupata usingizi wala utulivu. Alizifagia njia zake mara mbili, mara tatu kwa siku. Njia ya kwenda Dimbwini aliiacha, majani yakaifunika. Wanyama wengine walipomwita Bi Mkubwa wa Kikapu, aliomba wasimwite hivyo. Wakasema ni unyenyekevu.

Haya, mvua ikaja.

Ilikuja asubuhi, ya kwanza, nzito, ile yenye harufu ya vumbi. Msitu wote ukatoka nje kuoga. Kindi wakaruka, kanga wakapiga kelele, Kobe akafungua mdomo juu. Sange alisimama chini ya mrihi akatega masikio kuelekea Dimbwini. Alisema, "Nikisikia sauti moja tu, nitakwenda mbio, nitapiga magoti, sitangoja karibu."

Hakusikia kitu. Maji yaliingia Dimbwini yakakuta mchanga mtupu, maana mfinyanzi ulikwisha chimbwa. Yakanywewa yote na ardhi, lisibaki tone.

Kisha akasikia. Lakini sauti haikutoka Dimbwini. Ilitoka kijijini.

Sange akakimbia. Alikimbia kwa miguu ile miembamba, akatoka msituni, akavuka mashamba, kitu ambacho hakuwahi kufanya maisha yake. Alipofika alikuta watu wamesimama nje kwenye mvua, wanawake wamewakumbatia watoto wao, hakuna anayethubutu kuingia ndani. Kuta zilikuwa zimelowa. Na ndani ya kuta, katika nyumba zote kumi na mbili, sauti zilikuwa zinaita, nyingine chini karibu na msingi, nyingine juu karibu na makuti:

"Karibu. Karibu. Karibu."

Watu walisema nyumba zimeingiliwa na mashetani. Sange peke yake ndiye aliyejua. Walikuwa wanaitika hodi yake.

Mzee Ngonyo alimwona. Alikuja akachuchumaa mbele yake kwenye matope, mvua ikimchuruzika usoni.

"Mwanangu, nilikuuliza."

Sange alikuwa akiutazama ukuta nyuma yake.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema Mzee, na sauti yake ikakatika. "Nimewajenga watu ndani ya ukuta wangu. Nimelala nao chumba kimoja siku zote hizi, sikujua."

Akainuka akapiga ukelele, akauendea ukuta wake mwenyewe na jembe. Akajizuia, kwa sababu jembe lingewakata waliomo. Akalitupa, akaanza kubomoa kwa vidole. Watu wote wakabomoa kwa vidole, kila mtu nyumba yake aliyoimaliza juzi.

Sange naye alikimbia huku na huku akisikiliza, mpaka akasikia sauti aliyoijua katika ukuta wa Mzee Ngonyo, upande wa nyuma. Sauti ile ile iliyoimba harusini. Hakubisha. Hakungoja. Alitia pua ukutani akachimba. Siku zile pua ya Sange ilikuwa fupi kama ya panya yeyote. Alisukuma, akazungusha, akavuta; ngozi ikachunika, damu ikatoka, pua ikavutika na bado akasukuma. Bonge likafunguka.

Bi Chura alikuwa ndani yake, amekunjamana, mkavu kama gome. Mvua ilikuwa imemfikia upande mmoja tu. Jicho moja lilikuwa wazi.

"Somo," akasema Sange. "Somo, ni mimi. Siku ile ya harusi nilikosa. Sauti yako haikumwumiza mtu. Niwie radhi."

Bi Chura alimtazama kama anayemtafuta mtu mbali.

"Nilisikia hodi," akasema polepole. "Ya kwanza ikaniamsha. Ya pili nikatafuta mate nifungue mdomo. Ya tatu nikaitika. Sijui kama ulisikia."

Sange akasema, na alikuwa hajapata kusema neno zito namna hiyo, "Nilisikia."

Bi Chura akafumba jicho lake. Kifua chake kilipanda kikashuka. Sange akadhani hatasema tena, lakini alisema, kwa sauti ndogo sana, sauti ya mwenyeji anayeona haya mbele ya mgeni wake.

"Karibu, somo," akasema. "Unisamehe, nimechelewa kuitika."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho.

Nyamazeni kidogo. Nami nipumue.

Waliotolewa kwenye kuta zile wakiwa hai hawakufika hata kumi. Mzee Ngonyo aliwabeba kwa mikono yake mpaka Dimbwini, lakini Dimbwi halikushika maji tena, wakaondoka kwenda mbali kutafuta kwingine. Mpaka leo, masika yakija, Msitu wa Mirihi hunyeshewa bila wimbo. Paa wakaenda kunywa kwingine. Kanga wakawafuata. Mzee Ngonyo hakuijenga tena nyumba yake. Aliishi katika kibanda cha makuti mpaka alipokufa, na alikuwa akisema huo ndio ukuta unaomtosha.

Wanyama walimwambia Sange, msiba wa kujitakia hauna kilio. Lakini alilia hata hivyo. Pua yake haikurudi kuwa fupi. Ukimwona leo utaona ni ndefu, imechongoka, na hatulii nayo. Hutia pua chini ya kila jani kavu, anafunua, anatazama, anafunika, anakwenda kwenye jani lingine. Watu husema anatafuta wadudu wa kula. Anakula ndiyo, nani asiyekula? Lakini jani asilofunua hawezi kulipita. Na akifika mahali pa kimya, husimama akapiga mguu chini, mara nyingi kuliko tatu, kisha huinamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu sana.

Basi enyi mliokaa hapa, mafunzo ya ngano hii ni haya. Asiyejibu si kwamba hayupo. Ukitumwa kuwatazama watu, watafute hasa wale wasio na sauti ya kukuitikia, kwa kuwa wenye sauti watajitetea wenyewe. Na adabu ni nzuri, nami ninawafunza watoto wangu, lakini adabu isifiche kinyongo ndani yake. Mwenye kinyongo hubisha hodi huku ameshageuza mguu.

Ngano yangu imefika mlangoni. Utamu wake gawaneni ninyi, kila mtu na fungu lake. Uchungu wake niachieni mimi, nimeshauzoea.